Lenzi Nzito na Binti Aliyekuwa Ukunguni

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, asubuhi, nilikuwa nimeketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, kwenye kona ya uwanja wa michezo wa hapa Songea, nikisubiri ukungu uinuke. Baridi ya Juni mnaijua. Nilikuwa nimejifunga kitenge juu ya koti, na mbele yangu, juu ya stendi ya mguu mmoja, ilitulia lenzi yangu ya milimita mia mbili, ambayo uzito wake haupungui ule wa mtoto mchanga aliyezaliwa na afya njema. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Bega la kulia lilikuwa limenionya kwa miaka kadhaa, na mwaka huu likaacha kuonya likaanza kuamuru.

Ninyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niwaeleze namna ya kuitumia lenzi ya aina hiyo kwa picha za sura na za michezo. Nitawaeleza, lakini mtanivumilia nikirukaruka, kwa kuwa ninachokijua kuihusu hakikunijia kwa mpangilio. Kilikuja vipande vipande, na kipande kikubwa kuliko vyote kilinijia siku hiyo ya mwisho, wakati nilipodhani nimekwisha kujifunza.

Kwanza muijue yenyewe. Tundu lake la mwanga ni pana mno. Ukilifungua lote, jioni ambayo wenzako wamekwisha kufunga mikoba yao wewe bado unapiga, na mchezaji aliyeruka hewani unamgandisha palepale kama aliyetundikwa. Lakini upana huo una sharti lake: sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba kama chapati. Kope zikitoka vizuri, sikio limekwisha kuyeyuka. Watu walioko nyuma, miti, mabati ya paa, vyote huacha kuwa vitu vikawa rangi tupu. Lenzi hii hukupa mtu mmoja, na wengine wote hukunyang'anya. Ndiyo maana hupaswi kuifungua kabla hujajua ni nani unayemtaka.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Kapinga, mwenye studio niliyoanzia kazi baada ya chuo. Nilifika kwake na cheti changu na maneno mengi. Hakukipinga cheti wala maneno. Alinipeleka uani kwake, akanisimamisha upande mmoja, na upande wa pili mkewe alikuwa akipepeta mchele. Akanipa lenzi, akaniambia nimtazame yule mama kwa kadiri mkono utakavyostahimili, nisifyatue. Nilikuwa nimemsalimia mama yule kila siku kwa miezi, nimekula ugali wake, nimecheka naye. Lakini kupitia kile kioo, wakati ua mzima umeyeyuka na amebaki yeye peke yake, niliona kwamba kila aliporusha ungo alifumba macho kidogo na midomo ikamchezacheza, kama mtu anayemwimbia mtoto. Lenzi ilizidi kuwa nzito, nami sikutaka kuishusha.

"Umemwona?" Mzee aliniuliza.

Nikamjibu kwamba nimemwona.

"Basi leo usipige. Picha ya kwanza huwa ni ya kwako mwenyewe."

Miaka yote iliyofuata sijazoea. Kila nilipoliweka jicho pale nyuma nilihisi kama mtu anayeingia nyumba ya ibada ya dini isiyo yake: unavua viatu hata kama hujaambiwa.

Sasa ufundi. Mkono wa kushoto uuweke chini ya lenzi, kiganja kikitazama juu, namna unavyobeba kichwa cha mtoto; wa kulia kazi yake ni kufyatua tu. Kiwiko kikae ubavuni. Pumua nje, ndipo ubonyeze. Kwa sura, chagua jicho lililo karibu nawe, na usihame hapo. Kwa mpira, usiufuate mpira, fuata mabega, maana bega hugeuka kabla ya mguu. Saa za mchana, jua likishaichoma ile ardhi nyekundu, hewa juu ya uwanja hucheza kama juu ya sufuria, na picha ya mbali hutoka imelainika hata ufanye nini. Kazi ya mbali ni ya asubuhi na ya alasiri. Nami nilikosea kama mtakavyokosea. Niliwahi kupiga fainali nzima ya mpira, nahodha akaja studio kuchukua picha ya bao lake, akakuta kibendera cha kona kimetoka kwa ukali wa ajabu, kila uzi unahesabika, naye mwenyewe ni kivuli chekundu nyuma yake. Aliitazama kwa muda mrefu. "Mama Picha," akasema kwa upole, "hiki kibendera kimefunga mangapi?"

Na msimu wa mvua, jihadharini na kuvu. Unyevu wetu huiingia lenzi, na ndani ya vioo huota utando kama wa buibui. Mzee Kapinga alitunza lenzi zake ndani ya debe lenye mchele uliokaangwa mkavu, uliokuwa ukinywa unyevu, mpaka siku mkewe alipopata wageni wa ghafla akaupika. Lenzi yangu iliwahi kushikwa na kuvu licha ya mchele. Niliipeleka Dar es Salaam kwa fundi, nikiamini imekufa. Alitoa kioo kimoja tu cha ndani, akaweka kingine, akanirudishia. Likumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Lakini shida kubwa ya lenzi hii, kwa sisi tunaofanya kazi huku, haimo katika vitabu vya mafunzo. Ili mtu aenee ndani yake ni lazima urudi nyuma, mbali, na watu wetu wamelelewa vizuri. Kule kijijini Hanga, siku ya harusi moja, nilitaka kumpiga babu wa bibi harusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaanza mazungumzo, nami huku nikiongea nikaanza kurudi nyuma. Naye akanifuata. Nikarudi tena, akanifuata tena, mkongojo mkononi, akiendelea kunisimulia habari za mahindi. Tuliuvuka uwanja wote wa nyumba namna hiyo, mimi kinyumenyume na yeye kwa heshima, mpaka mgongo wangu ukagota kwenye ua wa matete. Hapo ndipo aliponionya: "Mwanangu, huwezi kuzungumza na mtu huku unamkimbia."

Tangu siku hiyo nikajifunza kumkabidhi mzee mkoba wangu. Namwomba anilindie, naondoka. Mtu aliyekabidhiwa amana hasogei, na uso wake hupata uzito mzuri wa mwenye dhamana. Picha zangu nyingi za wazee mnazozisifu, nje ya fremu kuna mkoba miguuni pao.

Turudi kwenye ile Jumamosi. Ilikuwa siku ya michezo ya shule za sekondari za mkoa. Nilikuwa na turubai dogo kando ya uwanja, na printa. Kila baada ya mashindano nilichapa picha kubwa nikazibana kwa vibanio kwenye kamba, kama nguo, ili wenyewe waje wazichague. Asubuhi nilikuwa nimempiga msichana mmoja wa Tunduru katika mchujo wa mita mia nane, jina lake Rehema. Ilikuwa picha ya aina ambayo mtu huipata mara chache: uso mzima umejaa fremu, jasho juu ya mdomo, macho yamelitazama jambo ambalo sisi wengine hatukuwa tukiliona. Mchana, katika fainali, nilimfuata msichana wa Namtumbo aliyekuwa akiongoza, nikampata anavuka mstari mikono juu. Rehema alifika wa pili.

Baadaye alikuja turubaini na mama yake, ambaye alikuwa amesafiri kutoka Nakapanya, kulekule Tunduru, kumwona mwanawe akikimbia. Alikuwa mama mwembamba, mtu mzima, amejitanda ushungi mweupe, mkono wake ukiwa begani kwa binti, kama mzazi anayejivuna. Rehema ni kitinda mimba wake. Nilimwamkia. Aliitikia kwa utulivu, akanipa pole ya kazi, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za afya, mpaka zikaisha.

Rehema akamwambia atafute picha yake kwenye kamba, akiwa na hakika ya kumfurahisha, kwa sababu ile ya asubuhi ilining'inia katikati, kubwa, haikwepeki. Mama alianza mwanzo wa kamba. Alisogeza uso karibu kabisa na kila karatasi, kama anayenusa. Akaifikia ile ya Rehema, akaipita. Akasonga mpaka picha ya ushindi ya yule wa Namtumbo, akasimama. Kisha akaweka kidole, si juu ya mshindi, bali kwenye kona ya nyuma, mahali palipokuwa na doa la njano lililotapakaa, lisilo na kichwa wala mguu.

"Huyu hapa mwanangu," alisema.

Kijana mmoja aliyekuja kuchukua picha ya dada yake, yule mshindi, alicheka. "Mama, hapo pamemwagikiwa mchuzi. Mwanao yule pale, umempita."

"Umenitupa, mama," Rehema naye akamtania, "mimi mzima mzima hukunitaka, umekwenda kuchukua mchuzi."

Mama naye akacheka pamoja nao, lakini kidole hakukiondoa. Akasema kwamba doa lile ni Rehema, kwa sababu Rehema huja hivyo: kwanza rangi, kisha mkono wa kushoto unaorushwa nje kama wa mtu anayefukuza kuku.

Nilifungua kamera nikatafuta. Katika picha iliyofuata ile ya ushindi, lenzi ilikuwa imeteleza kidogo, ikamwacha mshindi na kumshika aliyekuwa nyuma. Alikuwa Rehema, jezi ya njano, mahali palepale, mkono wa kushoto umetupwa nje. Niliwaonyesha. Kijana wa Namtumbo akatamka taratibu kwamba mama ni mama. Miaka yote nilikuwa nimewahesabu watu wa nyuma kuwa wamefutika. Kumbe ndani ya ukungu wangu mtu alikuwapo mzima, na alikuwapo aliyeweza kumsoma.

Rehema aliitwa kwenda kupokea medali. Nilimwomba mama abaki kidogo nimpige picha, ya kwangu, ya kufungia kazi. Koti langu la buluu nilikuwa nimeshalivua nikalitundika kwenye nguzo ya turubai. Tukawa tunazungumza, ananieleza habari za mikorosho yake, nami, kwa mazoea, nikaanza kurudi nyuma kupima umbali kabla ya kumkabidhi mkoba, nikijua atanifuata na itanibidi nirudi kumsimamisha.

Hakunifuata.

Nilirudi nyuma zaidi. Mama yule mwenye adabu iliyokamilika, aliyeniuliza habari za watu wa nyumbani mwangu mmoja mmoja, aliendelea kuzungumza kwa heshima zote na koti langu. Aliliuliza swali, akangoja, akatabasamu, akaendelea. Nikainua lenzi. Ilimtenga na uwanja mzima kama inavyotenga kila mtu, ikaniletea macho yake karibu kuliko nilivyoyaona niliposimama mbele yake. Katika kila mboni palikuwa na wingu jeupe, lililotulia, kama maziwa kidogo ndani ya maji. Nikaelewa kwa nini aliipita picha kali. Hakuwa na mazoea na sura ile. Kwa muda mrefu mwanawe alikuwa kwake rangi na mkono. Na ule mkono juu ya bega la binti haukuwa wa majivuno peke yake. Alikuwa akiongozwa, na aliyemwongoza hakujua.

Sikupiga. Niliteremsha lenzi nikarudi, nikasimama karibu na koti, nikajibu swali ambalo koti lilikuwa halijalijibu.

Aligutuka sauti ilipotoka kando ya koti alilokuwa akilitazama, na akajua kwamba nimejua. Kisha akanishika mkono.

"Mdogo wangu, usimwambie. Amepata nafasi ya chuo cha ualimu, mbali. Akijua, haendi. Atabaki kunishika mkono mpaka azeeke."

Nikamuuliza kama amekwenda hospitali. Akaniambia kwamba huo ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, anaujua, jirani aliwahi kuwa nao. Na kwamba amesikia madaktari wanalitoa jicho zima, wanalisafisha, wanalirudisha, na mara nyingine halirudi vizuri. Yeye angalau rangi anaziona. Hakutaka kuzipoteza rangi kwa tamaa ya zaidi.

Ningeweza kumwambia kwamba hayo ni uongo, akanyamaza kwa adabu na asiniamini. Badala yake nilimkalisha kwenye kreti, nikaitoa lenzi kwenye kamera, nikampakatisha mapajani.

"Yaa Rabbi," alisema, "huyu ana miezi mingapi?"

Nikauchukua mkono wake nikaupitisha juu ya kioo cha mbele, baridi, mviringo. Nikamweleza habari za kuvu iliyoota ndani yake, jinsi nilivyolia nikidhani imekufa, jinsi fundi alivyoacha kila kitu mahali pake akatoa kioo kimoja tu kilichoingia ukungu na kuweka kingine kisafi. Nikamwambia kwamba hata ndani ya jicho kuna lenzi, ndogo kama punje ya dengu. Jicho lenyewe halitolewi, hubaki hapohapo lilipoumbwa, na hicho kidogo kilichoingia wingu ndicho kinachobadilishwa. Aliipapasa lenzi yangu kote, pete zake, mkanda wake, mikwaruzo yake ya miaka. Alipouliza, aliuliza swali moja tu.

"Na tangu ibadilishwe, imekosea?"

"Inayokosea ni mimi," nikamjibu.

Akatabasamu. Nikamweleza pia kwamba siri yake nitaitunza kwa kuwa ni yake, lakini mimi ni mtu mzima mwenzake na nitasema ninachokiona: binti aliyeondoka bila kujua, siku atakapojua hatasamehe barabara iliyompeleka. Alinirudishia lenzi kwa mikono miwili, na Rehema akawa anakuja na medali yake, na mama akageuza uso upande ule kabla yangu. Nilitazama alichokuwa akikitazama. Ilikuwa rangi ya njano, na mkono wa kushoto.

Hapo ndipo nilipompiga. Nilimkabidhi mkoba wangu, nikaenda mbali, nikafungua tundu lote. Ni picha ya mwisho niliyoipiga kwa kazi. Uso wa mama uko mkali, unangojea. Nyuma ya bega lake kuna doa la njano linalokaribia. Mzee Kapinga angeuliza mbona sikufunga tundu kidogo ili binti naye aonekane. Nadhani ningemjibu kwamba anaonekana.

Vijana wangu, mtafundishwa kwamba ukungu ule wa nyuma ni pambo. Utumieni hivyo mkipenda, unapendeza. Lakini mkishapiga, kabla ya kufunga kompyuta, tazameni nyuma ya mshindi, mjiulize ni mtoto wa nani aliyeko pale, na nani angemjua.

Baada ya wiki kadhaa Rehema alinipigia simu. Mama yake alikuwa amemweleza mwenyewe, jioni moja, wakibangua korosho. Walikuwa wamelia, wakagombana, kisha wakaenda pamoja hospitali ya Tunduru. Jicho la kwanza lilikuwa limefanyiwa upasuaji jana yake. Kesho yake bandeji ingefunguliwa. Chuo kilikuwa kinafunguliwa mwezi uliofuata, naye angekwenda. Aliniomba niwapelekee ile picha ya mchujo, ile iliyopitwa, ili iwe kitu cha kwanza mama kukiona.

Niliichapa kwenye karatasi bora niliyokuwa nayo. Siku hiyohiyo nikaikabidhi kwa kondakta wa basi la Tunduru, ndani ya bahasha ngumu iliyofungwa, na nje yake nikaibana barua hii:

"Kwa dada yangu, Mama Rehema, wa Nakapanya. Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa salama, na Rehema ndiye anayekusomea. Ndani ya bahasha mna picha mbili. Moja ni ile uliyoiwekea kidole. Nimeichapa bila kuirekebisha, doa la njano liko mahali pake, nami nakala yake nyingine naiweka ukutani kwangu. Ya pili ni uso wa Rehema, siku ile asubuhi. Yeye ameniomba uitazame hiyo kwanza mara bandeji itakapofunguliwa. Mimi nakuomba usiitazame. Bahasha ikae imefungwa. Mwambie Rehema asimame mbali, mwisho wa ua, kisha aje kwako kwa miguu yake, taratibu. Umwone anavyotoka kwenye rangi, mpaka mkono, mpaka sura, mpaka kope. Mimi nimeshinda maisha yangu nyuma ya kioo nikiutafuta mwendo huo, na sijawahi kuupata wote katika picha moja. Ukimaliza kumwona, mwache aende chuoni. Siku atakayoondoka, basi likishapinda kona, ndipo uifungue bahasha."